Barza katika majengo ya kale ya serikali mjini Lubumbashi

Barza ni ukumbi ulio nje ya vyumba lakini chini ya paa la jengo, ukiegemea upande wa mbele au kulizunguka jengo lote. Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na katika ofisi zilizojengwa miaka ile ya mwanzo barza ilikuwa na kazi nzito; wanaoihesabu kuwa pambo tu wanaikosea.

Kwanza, hukinga jua. Mji uko karibu digrii 12 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kwa miezi kama 8 ya mwaka jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na ukuta unaotazama huko, usipotiwa kivuli, hunyonya joto mchana kutwa na kulipeleka ndani. Kwa kuwa paa la barza hujitokeza mbali, karani aliweza kuacha dirisha wazi hata wakati wa mvua kubwa za Desemba na Januari. Ukuta wenyewe nao ulinusurika. Matofali ya hapa kwetu tangu zamani huchomwa kwa udongo wa vichuguu, vile vilima vya mchwa virefu kuliko mtu ambavyo bado vinaonekana pembezoni mwa mji. Udongo huo hushikana vizuri sana, lakini ukuta usiokingwa, ukirushiwa maji na tope jekundu mwaka baada ya mwaka, huanza kumeguka kuanzia chini.

Kazi ya pili haikuandikwa kwenye ramani ya msanifu. Chini ya utawala wa Wabelgiji, uliowatenga Waafrika katika makazi yao mbali na katikati ya mji, barza ndipo mwananchi aliposubiri alipokuja kulipa kodi au kuomba kibali cha kuhama. Alikuwa amefika serikalini, naye bado hajaingia. Kila anayeeleza uzuri wa majengo haya anapaswa kulitaja jambo hilo pia.

Miaka ya 1950 wasanifu waligeukia zege, wakikinga jua kwa vibao vya wima na kuta zenye matundu. Jengo la 30 Juni, ambamo leo hukutana Bunge la jimbo la Haut-Katanga, ni la kizazi hicho. Lilijengwa kama ukumbi wa maigizo, kazi ya Claude Strebelle na wenzake.

Siku hizi barza nyingi huzibwa kwa matofali au vioo ili kupata chumba cha ziada. Nafasi huongezeka kweli, ila chumba cha ndani hupoteza dirisha lake la nje, hewa haipiti tena, taa huwashwa mchana, na ukuta mpya wa mbele, usio na kivuli chochote, hupigwa na jua moja kwa moja.