Je, wajua kwa nini bibi harusi wa Kiyahudi wa Moroko huvaa vazi la Kihispania usiku wa hina?

Wayahudi wenye asili ya Moroko wana usiku wa hina kabla ya harusi, na mtu wa Lamu au Unguja akihudhuria hatajihisi mgeni sana: wanawake wamejaa, ngoma na vigelegele, bibi harusi anapakwa hina viganjani. Ila vazi alilovaa halikuanzia Moroko. Wenyewe huliita keswa el kbira, yaani vazi kuu, na mishono yake ni ya Hispania ya zamani.

Mwaka 1492 Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella waliwafukuza Hispania Wayahudi wote waliokataa kubatizwa. Maelfu wakavuka bahari kwenda Moroko, nchi ya Waislamu, wakaweka makazi Fes, Tetouan, Rabat na Salé. Huko waliwakuta Wayahudi wenzao walioishi nchini humo kwa karne nyingi, wakizungumza Kiarabu na Kiberberi. Dini ilikuwa moja, lakini desturi hazikulingana. Waliotoka Hispania walishikilia kanuni zao za ndoa, miji ya kaskazini ikaendelea kuzungumza Kihispania chao, na wanawake wakashikilia mavazi ya mabibi zao.

Ukilitazama vazi lenyewe utaona ni vipande vingi. Sketi ni ya mahameli, ya kujifunga kiunoni, na pembe yake moja inayoangukia mbele imeshonewa kanda za dhahabu. Kifuani kuna kipande kigumu kilichotariziwa, juu yake kizibao, kisha mshipi mpana. Mikono ni ya kitambaa chepesi kinachoonyesha, mipana mno, nayo haikushonwa pamoja na kizibao. Huvaliwa peke yake na kukunjwa nyuma hadi mabegani. Sketi ya kufunga na mikono ya kuvaa mbali ndivyo vinavyowarudisha watafiti wa mavazi Hispania. Rangi hutegemea mji: Tetouan walipenda mahameli nyeusi, kwingine kijani kibichi au nyekundu iliyoiva. Kwa kawaida baba ndiye aliyemnunulia binti vazi hili, naye akiisha kuolewa alilivaa tena sikukuu na harusi za jamaa. Kichwani waliweka pambo la lulu ndogondogo lililofunika nywele, kwa kuwa sheria ya Kiyahudi humtaka mke aliyeolewa azisitiri.

Sasa, mahameli na dhahabu vilidumuje katika jamii iliyowawekea Wayahudi mipaka ya mavazi? Walikuwa watu wa dhimma: walilindwa na mtawala, wakalipa kodi ya jizya, na mwanamume Myahudi akitoka nje alitakiwa avae nguo nyeusi au za rangi iliyofifia. Mzigo huo ulimwelemea zaidi mwanamume barabarani. Dhahabu ya mwanamke ilikuwa ya ndani ya nyumba, mbele ya jamaa. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye jibu: kumbukumbu ya Hispania ilikaa kwa wanawake kwa sababu wao ndio waliokuwa na mahali pa kuivaa. Mwaka 1832 mchoraji Mfaransa Eugène Delacroix alipofika Tangier, mji wa Moroko, nyumba za Waislamu zilikuwa vigumu kwake kuingia. Abraham Benchimol, mkalimani Myahudi wa ubalozi wa Ufaransa, akamfungulia mlango wa jamaa yake, na Delacroix akamchora Saâda, mke wa Benchimol, pamoja na binti yao wakiwa wamejipamba.

Hata hivyo si haki kuliita vazi la Kihispania tu. Uzi wa dhahabu ulisokotwa Fes, na kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Wayahudi. Fundi hukata umbo la ua katika ngozi au kadibodi, akaliweka juu ya mahameli, kisha akalifunika kwa uzi wa dhahabu hadi ua likainuka. Uzi kutoka mitaa hiyo hiyo ulipamba nguo na matandiko ya farasi ya Waislamu, na masonara wa Kiyahudi waliwatengenezea maharusi wa Kiislamu vikuku na mikufu. Yaani mwanamke aliyejitambulisha kwa Uyahudi wake na asili yake ya Hispania alikuwa amevaa ufundi wa Moroko mwilini mzima. Sioni mgongano hapo.

Kilicholitoa vazi hili katika sikukuu za kawaida ni mitindo ya Ulaya. Shule ya kwanza ya Alliance Israélite Universelle, shirika la Wayahudi wa Ufaransa lililofundisha kwa Kifaransa, ilifunguliwa Tetouan mwaka 1862, na kadiri miaka ilivyokwenda mabinti wa mijini walihamia gauni za Kifaransa, keswa ikabaki ya usiku wa hina. Baada ya taifa la Israel kuundwa mwaka 1948 Wayahudi wengi mno walihama kwenda Israel, Ufaransa na Kanada. Kati ya robo milioni hivi, waliobaki Moroko leo ni elfu chache. Mavazi ya zamani yapo katika makumbusho ya Kiyahudi ya Casablanca, yaliyofunguliwa mwaka 1997, na katiba ya Moroko ya 2011 imeutaja mchango wa Kiebrania katika utambulisho wa taifa. Huko ughaibuni, kuna maharusi wanaorithi keswa ya bibi. Wasio nayo huikodi kwa usiku mmoja, na wengine huvaa kaftani ya Kimoroko badala yake.