Utulivu wa Lamu Haumo kwenye Maikrofoni

Mgeni akishuka gatini Lamu, kitu cha mwanzo anachosifia ni utulivu. Hakuna honi, hakuna matatu, mizigo inapita juu ya punda. Mimi kazi yangu ni kurekodi sauti za filamu, na huyo mgeni ukimvalisha hedifoni kwa dakika tano tu, sifa zake zitapungua.

Hayo niliyaona kwanza nilipokuwa mwanafunzi, kundi letu lilipotengeneza filamu fupi ya kumalizia kozi. Hadithi ilikuwa nyepesi: kijana anataka jahazi la marehemu babu yake liuzwe, mamake hataki. Tulipogawana kazi, kila mtu alitaka kuongoza au kushika kamera. Sauti huwa ni ya anayebaki. Ndivyo yalivyo makundi mengi ya wanafunzi niliyoyaona tangu hapo. Niliichukua kwa kuwa ndimi mwenyeji, nijuaye punda hufungwa wapi na boti za Shela hupita saa ngapi.

Mazungumzo mengi yalikuwa kwenye daka la nyumba, yaani kibaraza cha mlangoni kinachotazama kichochoro. Kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa zimeelekeana, nafasi baina yake ya punda na mtu. Neno likitamkwa hugonga ukuta huu, likarudi ukuta ule, na maikrofoni huyazoa yote. Aliyesimama pale hausikii sana mwangwi huo, maana sikio lake huchuja. Maikrofoni haichuji. Na mwangwi ukishaingia kwenye rekodi, kuuondoa kwa kompyuta ni kazi ngumu ambayo mara nyingi huiacha sauti ya mtu imekauka.

Dawa ni kusogea. Kila umbali kati ya kinywa na maikrofoni unapozidi maradufu, sauti itokayo moja kwa moja kinywani hupungua kama desibeli 6, ilhali mwangwi unabaki karibu vilevile. Kwa hiyo fimbo ya maikrofoni ikae juu tu ya ukingo wa picha, na nyuma ya kamera zitundikwe blanketi na mikeka. Mpiga picha wetu alitaka picha pana, kichochoro kizima kionekane mpaka mlango wa nakshi ulio mwisho. Tuligombana, si kidogo. Tukaafikiana kwamba picha pana zitakuwa za watu wanaotembea kimya, na wakianza kusema kamera isogee. Huo ndio uamuzi bora katika filamu ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuja nao kutoka nyumbani.

Adhana ni somo la peke yake. Misikiti haianzi kwa pamoja. Mmoja ukimaliza, wa mtaa wa pili uko katikati. Hatukutaka kurekodi juu yake, kwanza kwa adabu, pili kwa sababu ya uhariri. Mama akisema sentensi moja adhana ikiwa nyuma yake, na jibu la mwanawe likirekodiwa baada ya adhana kwisha, ukiziunganisha sauti ya nyuma inakatika kama kwa kisu, na mtazamaji anashtuka bila kujua kilichomshtua. Basi ratiba yetu ilifuata nyakati za sala. Kabla ya kuondoka kila mahali, wote walisimama kimya nusu dakika nirekodi hewa ya pale bila maneno. Walinichukia kwa hilo. Mhariri alinishukuru baadaye, kwa kuwa ndiyo aliyoitumia kuziba mianya.

Matondoni, kwa mafundi wa majahazi, hali ilikuwa nyingine. Nyundo hazikomi, na zinapokoma kidogo, kuna anayekalafati, yaani anayeziba nafasi baina ya mbao. Mwongozaji wetu alimwendea fundi mkuu kuomba wanyamaze.

"Mwanangu," akamjibu, "hizi nyundo ndizo zilizowaleta. Zikinyamaza mtapiga picha ya nini?"

Alisema kweli, kisanaa na kiuchumi. Tulingoja waende kula, tukarekodi mazungumzo chombo kikiwa kimya. Waliporudi kazini nikarekodi nyundo peke yake, karibu na mbali. Mhariri akapata rekodi mbili mbalimbali, ya maneno na ya nyundo, akaziweka nyundo pale mama anaponyamaza na kuzipunguza anapojibu. Nyundo zingerekodiwa pamoja na maneno, asingeweza kuzitenganisha.

Usafi huo wa maneno ulikuwa na sababu zaidi. Aliyeigiza mama alikuwa shangazi wa mmoja wetu, na alisema Kiamu cha nyumbani, lahaja ya Lamu. Wenzetu wa bara, hata wakimsikia vizuri, walihitaji utulivu kumfuata. Wazo la kumsemesha Kiswahili cha redio nililikataa, na sikujificha. Basi ilinipasa nimnase bila mwangwi wala upepo wa kusi, na kinasa cha kifuani, yaani maikrofoni ndogo ya kubandika nguoni, kisisuguane na buibui. Tulikibandika kwa plasta juu ya gauni la pamba, mbali na kitambaa kinachochakarisha.

Mwishoni tuliisikiliza filamu kwa spika kubwa, ikapendeza, kisha kwa simu. Spika ya simu haitoi sauti nzito, hivyo kishindo cha nyundo ya mbao nilichokipenda kilitoweka chote. Tulikibadilisha kwa mlio mwembamba wa chuma juu ya msumari, kwani jamaa zetu wengi wangeitazama kwenye simu.