Minyoo ya moyo kwa mbwa: kiwango cha maambukizi kina maana gani?

Mkazi wa Tanga hahitaji kufundishwa kwamba mbu hubeba minyoo. Matende na mabusha tunayajua pwani hii tangu enzi za mababu. Mbwa naye ana wake, Dirofilaria immitis. Mbu humwambukiza viluwiluwi, yaani minyoo michanga, navyo hukomaa kwa miezi 6 au 7 hadi kuwa minyoo inayokaa kwenye mishipa ya mapafu na upande wa kulia wa moyo. Jike hufikia sentimita 30. Mbwa hukohoa, huchoka upesi, hukonda. Akizidiwa, tumbo hujaa maji.

Kiwango cha maambukizi ni sehemu ya mbwa waliokutwa na minyoo kati ya wote waliopimwa. Tuseme mtaa wa Makorora hapa Tanga wamepimwa mbwa 200, wakakutwa nayo 20: hiyo ni asilimia 10. Hesabu ni nyepesi, ila mimi siiamini asilimia yoyote kabla ya kujua ni mbwa gani waliopimwa, na kwa kipimo gani. Mbwa wa ulinzi anayelala nje usiku kucha, karibu na choo cha shimo na maji yaliyotuama, hawezi kulinganishwa na yule anayepewa dawa ya kinga kila mwezi. Halafu kipimo cha haraka kinachotumika sana hutafuta protini ya minyoo majike waliokomaa. Mbwa aliyeambukizwa miezi mitatu iliyopita ataonekana mzima, na atahesabiwa hivyo.

Ndiyo maana wastani mmoja wa dunia nzima haumsaidii mfugaji. Ndani ya mbu, viluwiluwi huhitaji joto: chini ya nyuzi 14 havikui, kwenye nyuzi 27 huwa tayari kwa wiki mbili hivi. Marekani ugonjwa umeonekana katika majimbo yote 50, na mbwa walio nao wanakadiriwa kuzidi milioni moja, lakini mzigo mkubwa uko kusini, kando ya mto Mississippi na Ghuba ya Mexico. Italia umeota mizizi bonde la mto Po. Nchi za baridi kali hushusha wastani bila kumpunguzia hatari mbwa wa Ngamiani, ambako joto na mbu vipo mwaka mzima.

Kwa hiyo ukiwa na mbwa Tanga, muulize daktari wa mifugo juu ya kupima damu, na upime kabla ya kuanza kinga: mbwa mwenye viluwiluwi vingi anaweza kudhurika dawa inapoviua kwa mkupuo.