Afya ya akili katika jamii ndogo za Nakuru na Kisumu: maswali na majibu

Maswali haya hujitokeza kila panapozungumzwa afya ya akili na watu wa jamii zenye idadi ndogo: Waogiek, wawindaji na warina asali wa asili, wa Nessuit na Mariashoni kwenye msitu wa Mau, Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza, wa Kibos mjini Kisumu, na familia zinazoishi mahali ambapo kabila lao ni nyumba chache tu. Majibu yanamfaa yeyote, ila hao ndio waliofikiriwa kwanza.

Mgonjwa wa akili si yule anayezurura sokoni akiongea peke yake?

Huyo ni mgonjwa anayeonekana. Walio wengi hawaonekani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa na tatizo la afya ya akili, na wengi wa watu hao huamka asubuhi, wakateka maji, wakafungua duka. Mfadhaiko unaohitaji matibabu humshika mtu kwa wiki mbili au zaidi: hana raha na chochote, usingizi umekatika au umezidi, chakula hakipiti, kazi ndogo inamchosha, anajiona hana maana.

Huku kwetu malalamiko huanzia mwilini. Kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, mgongo unauma bila sababu. Akifika kituoni anapimwa malaria, anapewa dawa ya maumivu, na mwezi ujao yuko tena kwenye foleni ile ile. Ukijiona hivyo, mwambie mhudumu waziwazi: silali, na mawazo yamenilemea. Hapo ataanza kuuliza maswali mengine kabisa.

Kwa nini mnataja jamii ndogo? Ugonjwa huu hauchagui kabila.

Haumchagui mtu, lakini mambo yanayouleta hayajagawanywa sawa, wala tiba yake.

Chukua Waogiek. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua kwamba serikali ya Kenya ilivunja haki zao kwa kuwafurusha kutoka Mau. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe fidia: shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali, na shilingi milioni 100 kwa madhara yasiyo ya mali, yaani mateso na machungu waliyopitia kama jamii. Fidia ya machungu ikawa kubwa kuliko ya mali. Hata hivyo, Novemba 2023 familia za Waogiek upande wa Sasimwani, Narok, zilibomolewa nyumba tena. Mtu aliyepoteza mizinga yake ya nyuki, makaburi ya wazee wake na mahali pa kulala kwa siku moja, halafu akaishi miaka akingoja kufukuzwa mara ya pili, ana kila sababu ya kukosa usingizi. Wanubi wa Kibos nao walibomolewa makazi mwaka 2021.

Tena kuna kumbukumbu ya vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini, na Nakuru, Naivasha na Kisumu ni miongoni mwa miji iliyoumia zaidi. Aliyekuwa kabila la wachache mtaani wakati ule bado hupata wasiwasi kila uchaguzi unapokaribia: anahamisha watoto, anafunga biashara mapema, anashtuka usiku akisikia kelele barabarani. Wengine wamebeba hali hiyo tangu wakiwa watoto na hawajawahi kumwambia mtu yeyote.

Ni lazima niende Mathari, hospitali ya akili ya Nairobi?

Hapana, na dhana hii imewachelewesha wengi. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Afisa wa kliniki au muuguzi anaweza kukusikiliza, kuanza matibabu ya kawaida ya mfadhaiko au kifafa, na kukuandikia barua ya rufaa. Kutoka Mariashoni utapelekwa Elburgon au Molo, kutoka Nessuit utapelekwa Njoro, na hali ikizidi ni hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Nakuru. Kisumu kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Walio upande wa Eldoret wana Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi.

Kabla ya kulipa boda boda na matatu, piga simu au mtume mtu aulize kliniki ya akili hufanyika siku gani na kama dawa zipo. Madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache mno nchini, na hospitali nyingi huwa na siku maalumu za kliniki hiyo. Kufika siku isiyo yake, ukarudi mikono mitupu baada ya kutumia nauli ya wiki nzima, ndiko kunakowafanya watu waache tiba.

Mama yangu hajui Kiswahili vizuri. Mtoto wangu anaweza kumtafsiria?

Naomba usifanye hivyo. Tuseme nyanya ameingia chumba cha daktari na mjukuu wake wa darasa la tano. Daktari anauliza kwa Kiswahili: "Mama, umewahi kufikiria kujitoa uhai?" Mtoto anatazama sakafu. Kisha anamgeukia nyanya na kumwambia kwa lugha yao: "Anauliza kama unalala vizuri." Nyanya anajibu ndiyo, kidogo. Mtoto anarudisha jibu: "Amesema hapana." Daktari anaandika hapana kwenye kadi.

Mtoto huyo hakukosea kwa ubaya. Hakuna mtoto anayeweza kumuuliza nyanya yake neno kama hilo, na hata angeweza, si haki kumtwika mzigo huo. Mume naye si mkalimani mzuri ikiwa shida iko ndani ya nyumba, wala jirani ambaye familia yake na yenu wana kesi ya shamba.

Mwache mgonjwa achague mwenyewe mtu mzima anayemwamini, ikiwezekana wa jinsia yake. Mkiwa nje kwenye benchi kubalianeni: kila swali litasemwa jinsi lilivyoulizwa na kila jibu litarudishwa lilivyo, bila kupunguza wala kuongeza, na yatakayosemwa yatabaki humo. Asipopatikana, uliza mapokezi kama kuna mfanyakazi anayeijua lugha hiyo. Waogiek wengi huelewana na msemaji wa Kikalenjin, na katika hospitali za Nakuru mfanyakazi wa namna hiyo hakosekani mara nyingi. Njia nyingine ni simu: mpigie binti aliye mjini, weka sauti ya nje, mlango ufungwe.

Nawaomba wahudumu nao wamtazame mgonjwa usoni wanapouliza, wasimtazame mkalimani. Mgonjwa anajua mara moja kama anazungumziwa juu ya kichwa chake.

Sina kitambulisho. Nitatibiwa?

Swali hili huulizwa sana na vijana wa Kinubi. Kwa miaka mingi wamepitishwa kwenye kamati za kuwachunguza kabla ya kupewa kitambulisho, wakidaiwa vyeti vya babu na nyanya, huku mwenzao wa kabila kubwa akimaliza shughuli hiyo haraka. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilivunja haki ya watoto wa Kinubi kupata uraia.

Kitambulisho kinahusiana na akili kwa sababu tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, maarufu SHA, ndiyo inayosimamia malipo ya matibabu, na mtu mzima hujisajili kwa nambari ya kitambulisho, kwa kubonyeza *147# au kwa kusaidiwa kituoni. Ukishajisajili, huduma za zahanati na vituo vya afya hulipwa na serikali. Kwa matibabu ya hospitali kubwa unachangia. Asiye na mshahara hupangiwa kiwango kulingana na hali yake, na cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi.

Asiye na kitambulisho, basi, hukwama mlangoni. Hata hivyo Katiba, ibara ya 43, inasema hakuna anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura, na mtu anayetaka kujidhuru au aliyechanganyikiwa ghafla ni dharura. Mpelekeni, karatasi zitafuata. Kwa wengine, anza sasa kufuatilia cheti cha kuzaliwa na barua ya chifu. Nasema bila kuficha kwamba kumzungusha kijana ofisi hadi ofisi kwa ajili ya jina la babu yake ni kumwongezea ugonjwa, na wenye mamlaka wanapaswa kulikomesha.

Muuguzi ni wa kijiji chetu. Siri yangu itabaki?

Sheria ya Afya ya Akili, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, inampa mgonjwa haki ya siri zake kutunzwa na ya kushirikishwa katika uamuzi wa matibabu yake. Mhudumu anayetoa habari zako nje anavunja sheria na maadili ya kazi yake. Najua pia kwamba mahali penye nyumba thelathini kuonekana tu ukiingia mlango fulani ni habari tosha. Una ruhusa kwenda kituo kingine ambako hawakujui. Baadaye, ukipata nafuu, utaamua nani ajue.

Na wazee, mganga au mchungaji?

Wazee wa ukoo wakikaa na mtu aliyefiwa, wakapatanisha ndugu waliogombana, wamefanya kazi ambayo kidonge hakiwezi. Maombi humpa mtu nguvu. Sina ugomvi na hayo. Ninachopinga ni mambo matatu, na sitayalainisha: kumfunga mgonjwa kwa mnyororo au kamba, kumpiga au kumnyima chakula ili pepo litoke, na kumwamuru aache dawa. Mzee anayeheshimika akisema "endelea na sindano, na sisi tutakaa nawe," mgonjwa hupona kwa urahisi zaidi. Wahudumu waende kwa wazee hao, wawaombe waseme hivyo.

Dawa zenyewe si za kulevya? Zitanywewa hadi kufa?

Dawa za mfadhaiko hazilevyi. Huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine sita, kabla ya nafuu kuonekana, na hapo katikati wengi hukata tamaa. Usiziache ghafla; daktari atazipunguza polepole. Anayesikia sauti au aliyepoteza uhalisia anaweza kuhitaji dawa kwa muda mrefu, kama wanaotumia dawa za presha. Kwa anayeishi mbali, uliza kuhusu sindano inayodungwa karibu mara moja kwa mwezi, maana inapunguza safari.

Mwanangu alijaribu kujitoa uhai. Nikimpeleka hospitali polisi watamkamata?

Mpeleke. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa la jinai kilitangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba tarehe 9 Januari 2025. Kama amekunywa dawa ya kupe au ya kunyunyizia mimea, usimtapishe. Chukua chupa yenyewe mwende nayo. Baadaye ondoa nyumbani sumu na kamba, asibaki peke yake, na muulize moja kwa moja kama bado anawaza kufa. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya ni 1199. Kwa watoto ni 116.

Nikidharauliwa kituoni kwa sababu ya kabila langu?

Andika tarehe, saa na maneno uliyoambiwa. Anza na msimamizi wa kituo, kisha kamati ya kituo, kisha idara ya afya ya kaunti. Wasiposikia, Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa ina jukumu la kushughulikia haki za jamii za wachache.

Sisi wenyewe kijijini tunaweza kudai nini?

Ibara ya 56 ya Katiba inaitaka serikali iweke mipango maalumu ili jamii za wachache zifikiwe na huduma za afya, na pia zikuze lugha zao. Ipelekeni kwenye vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti, na msiseme tu "tunataka hospitali." Ombeni mambo mawili yanayowezekana mwaka huu: muuguzi wa akili atakayefika kwenye zahanati yenu siku moja kila mwezi akiwa na dawa, na wahudumu wa afya ya jamii waliochaguliwa kutoka kwenu, wanaoijua lugha.

Wahudumu wa afya ya jamii ni karibu 100,000 nchini tangu mpango wa Septemba 2023, na hutembelea nyumba kwa nyumba. Zimbabwe ilionyesha kinachowezekana: tangu 2006 daktari Dixon Chibanda amewafundisha akina nyanya mjini Harare kukaa na wagonjwa wa mfadhaiko kwenye benchi nje ya kliniki, na utafiti uliochapishwa 2016 ukathibitisha kwamba waliozungumza nao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Nyanya wa namna hiyo wapo Nessuit na wapo Kibos. Majina yao yapelekwe kwa msimamizi wa zahanati kabla ya kikao kijacho.