Kwa nini tunapasua paja wakati uliopooza ni mkono

Ndugu wa mgonjwa huniuliza karibu kila mara: "Daktari, kilichoumia ni mkono, paja linahusikaje?" Jibu linaanzia shingoni.

Neva zote kuu zinazouendesha mkono hutoka kwenye uti wa mgongo kwa mizizi mitano. Mtu akirushwa na pikipiki, kichwa kikaelekea huku na bega likavutwa kule, mizizi hiyo inaweza kung'oka. Pengine mkono hauna hata mchubuko, lakini unaning'inia tu. Na mzizi uliong'oka hatuwezi kuushona ukarudi kama zamani.

Tunachoweza ni kuazima neva jirani iliyo hai. Tatizo ni muda. Neva hukua takriban milimita 1 kwa siku, na msuli uliokosa neva husinyaa, nyama yake ikageuka mafuta na kovu. Ikipita miezi 12 hadi 18, hata neva ikifika haikuti cha kuamsha. Wengi wanaonifikia wakati huo hawakuzembea. Waliambiwa wasubiri, na hilo linaniuma sana. Kusubiri kidogo ni sahihi, maana neva iliyovutika bila kukatika huweza kupona yenyewe. Lakini miezi mitatu ikipita bila dalili yoyote, mgonjwa awe ameshaonwa na mtaalamu wa neva hizi.

Kwa aliyechelewa, tunahamisha msuli mzima. Ninaoutegemea zaidi ni grasilisi, msuli mrefu mwembamba wa upande wa ndani wa paja. Misuli ya jirani huifanya kazi yake, kwa hiyo mtu huendelea kutembea vizuri. Tunautoa pamoja na ateri, vena na neva yake. Ncha ya juu tunaifunga begani, kwenye mtulinga, na ya chini kwenye kano inayokunja kiwiko. Mishipa ya damu tunaishona chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele, tena upesi, kwa sababu msuli hauvumilii saa nyingi bila damu.

Jambo linaloninyima usingizi ni mvutano. Msuli ukishakatwa hujikunyata, na ukifungwa umelegea, utakuwa hai lakini hautainua kitu. Kwa hiyo ungali pajani, umenyooshwa, tunautia alama kila baada ya sentimita 5. Ukifika mkononi tunauvuta mpaka nafasi kati ya alama zirudi vilevile.

Neva yake tunaiunga na neva za mbavu au na ile inayoinua bega. Kisha ni kimya, miezi kadhaa. Namwambia mgonjwa mapema kwamba vidole na hisia za kiganja havirudi kwa msuli huu mmoja, na maumivu ya mizizi iliyong'oka yanaweza kubaki. Tunachotafuta ni kiwiko kinachokunjika.

Kama tulitumia neva za mbavu, msuli hucheza kwanza anapovuta pumzi ndefu. Hapo mazoezi huwa hayo: vuta pumzi, kunja, pumua, achia, mamia ya mara. Ubongo hujifunza taratibu kuitenga kazi ya mkono na ya kifua. Halafu siku moja tukiwa katikati ya mazungumzo, anainua mkono huku anaongea, pumzi yake ya kawaida, na mwenyewe hajatambua.