Asilimia 20 ya nini hasa?

Ndani ya teksi ya Kisoro, Uganda, hukosi kumsikia mtu akisema wanavijiji wanaopakana na hifadhi ya Bwindi hupewa asilimia 20 ya pesa za gorila. Sivyo. Sheria ya wanyamapori ya 2019 inataja asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi, nayo hupitia serikali za mitaa. Kibali cha kuona gorila ni hesabu nyingine: hapo jamii hutengewa dola 10 kwa kila kibali. Zilinganishe na dola 800 anazolipa mgeni wa ng'ambo, kisha uone.

Ndiyo maana naona umiliki una uzito kuliko mgao. Kule Buhoma, ukingoni mwa Bwindi, kambi ya wageni ni ya jamii yenyewe tangu miaka ya 1990. Kule Nkuringo, pia ukingoni mwa hifadhi, jamii inamiliki loji ya Clouds, kampuni binafsi inaiendesha. Mwenye mali ana haki ya kuuliza: mayai na kabichi za jikoni zinanunuliwa kwa nani, kijana gani afundishwe upishi, maji machafu yanaelekea bonde la nani. Anayengoja mgao (na foleni ya ofisi ni ndefu) huenda akaletewa mbuzi wa mradi.