Gundi nyingi si lazima ishike zaidi
Wengi wanaotengeneza kadi au maua ya karatasi na vitambaa nyumbani huamini kwamba gundi ikizidi, kazi hushika imara. Si ajabu, kwa macho inaonekana hivyo. Lakini gundi nyeupe hukauka kwa kupoteza maji yake: ukiipaka nene, juu hukauka, ndani hubaki mbichi. Maji hayo pia huvimbisha nyuzi za karatasi, ndiyo maana kadi hujikunja. Kwenye kitambaa chepesi hupenya na kuacha doa gumu.

Jaribu mwenyewe. Gundisha jozi mbili za vipande vya karatasi, moja kwa gundi nyembamba, nyingine nene. Zilaze chini ya kitabu kizito hadi kesho, kisha zibandue. Karatasi ikichanika kabla ya kiungo kuachia, gundi ilitosha.